Kifusi cha Mwezi

Sakafu iliyomwagwa na Pimamaji ilinyooka kiasi kwamba chai ikimwagika juu yake ilisimama palepale, ikatazama kulia, ikatazama kushoto, ikakosa pa kwenda, mpaka mtu mwenye huruma aje na kitambaa. Hayo waliyasema mafundi wenzake, na mafundi si watu wa kusifiana ovyo. Ilisemwa pia kwamba mende mmoja aliwahi kupotea katikati ya ukumbi aliousakafia yeye. Alikosa bonde, alikosa kilima, alikosa hata mteremko mdogo wa kumwonyesha mlango ulipo, akazunguka siku mbili, akafa kwa uchovu. Hiyo ya mende aliianzisha Pimamaji mwenyewe. Enzi za kazi mende alizunguka saa mbili tu. Siku mbili zilikuja baada ya kustaafu.

Jina hilo alipewa kwa sababu hakuwahi kubeba pimamaji, kile kifaa cha mafundi chenye kipovu kinachoogelea ndani ya kioo. Jicho lake lilitosha. Alichobeba ni gololi tatu za chuma alizozitoa kwenye beringi za lori bovu: ndogo kama pipi, ya kati kama yai la njiwa, na kubwa kama ndimu. Zilikaa mfuko wa shati, upande wa moyo, zikauvuta ule mfuko mpaka kila shati lake likawa na bega moja chini. Saruji na mchanga vikishachanganywa, alichota kidogo akaweka kwenye karai, akainua gololi ya kati usawa wa kifua, akaiachia. Ikizama na kumezwa, maji yamezidi. Ikidunda kama mpira, mchanganyiko ni mkavu. Lakini ikichimba kibakuli safi, chenye mdomo uliosimama wima pande zote, Pimamaji alikohoa mara moja na kusema, "Bakuli hilo. Tandazeni." Wenzake walimcheka. Sakafu zao zikapasuka, wakapunguza kucheka.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike, na mtoto huyo alikulia kwenye vumbi la saruji kama wengine wanavyokulia kwenye unga wa mama. Alipofika miaka saba alipandishwa cheo, akawa ndiye mwenye kuiachia gololi. Ndiko lilikotoka jina lake la nyumbani, Gololi, na hata mama yake mzazi alisahau kumwita lile la shule.

Mwaka huohuo Pimamaji alikisakafia chumba cha mtoto. Alimaliza asubuhi, akarudi nyuma hatua tatu, akakitazama kama mtu anavyotazama picha yake ya harusi, kisha akaenda kuosha vyombo vya kazi. Aliporudi alimkuta Gololi amepiga magoti mlangoni, amejinyoosha juu ya saruji mbichi, anadondosha gololi, anaichomoa, anadondosha tena. Mashimo arobaini na kitu, kuanzia kizingitini mpaka karibu na dirisha. Na nyuma ya mtoto, ameshika kiuno kwa kicheko, mkewe.

"Nani kafanya hivi?" aliuliza, swali la kijinga kuliko yote aliyowahi kuuliza.

"Anatengeneza mwezi," mkewe akasema. "Na mimi nipishe, zamu yangu haijaisha."

Akaitwaa ile gololi kubwa, akainua mkono juu ya kichwa, akaiachia karibu na dirisha. Ikapiga pwaa. Alipoichomoa kwa vidole viwili, saruji ilinata ikavutika, ikabaki na chunusi katikati ya shimo.

"Ona, langu lina kichuguu," alisema. Kisha akamgeukia mumewe, bado anacheka, lakini sauti imeshuka. "Ukiigusa sakafu hii, baba Gololi, utalala nje wewe na mwiko wako."

Hakuigusa. Miaka kumi na mitano aliingia chumba kile huku akitazama dari.

Mtoto naye, kwa kulala juu ya mwezi, alianza kuuliza habari za ule wa juu. "Baba, mwezi ulitobolewa na nani?"

"Mwezi ulisakafiwa na fundi mwanafunzi," Pimamaji alimjibu. "Alipomaliza akaenda kunywa chai, hakuacha mlinzi. Watoto wa jirani wakaja na gololi zao."

"Wakapigwa?"

"Wakakimbia. Mpaka leo hawajapatikana."

Baadaye kidogo mtoto akarudi kutoka shuleni na habari nyingine. "Mwalimu anasema ni mawe yanayotoka angani."

"Mwalimu amesema aliyeyarusha ni nani?"

"Hajasema."

"Basi na yeye hajui. Ukikua nenda ukaulize."

Aliusema ule mzaha na kuusahau. Gololi hakuusahau. Alisoma, akasoma, akavuka mitihani kama mtu anavyoruka madimbwi, na alipokuwa na miaka ishirini na miwili akapata nafasi ya kwenda kusoma nje habari za mashimo ya mwezi, mahali ambapo watu wazima walilipwa mshahara wa kudondosha gololi. Mwaka huohuo mama yake aliugua wiki tatu akafa. Binti akazika, akafunga sanduku, akaondoka. Na gololi kubwa haikuonekana tena nyumbani.

Alikuwa arudi likizo baada ya miaka miwili, akae wiki mbili. Hapo ndipo Pimamaji alipofanya kosa ambalo mwalimu asingelifanya, dereva asingelifanya, hata mwizi asingelifanya. Ni fundi wa sakafu tu angeweza. Alitaka kumpokea mwanawe kwa zawadi, na mikono yake ilijua zawadi moja. Alichukua tindo na nyundo akaichokoa sakafu ya chumba kile yote, kwa sababu fundi mzuri haweki saruji mpya juu ya ngozi ya zamani, haishiki. Akazoa kifusi. Akamwaga upya, akapiga niru, ule uji wa saruji wa kulainisha, akapaka rangi nyekundu, akasugua mara tatu mpaka dirisha likawa na pacha sakafuni. Wa kumlaza nje na mwiko wake hakuwepo tena.

Gololi alifika, akavua viatu kizingitini, akaingia. Alitembea polepole mpaka dirishani, akasimama hapo muda mrefu akisugua sakafu kwa dole gumba la mguu. Pimamaji alisimama mlangoni, amefunga mikono nyuma, anasubiri. Binti akaokota viatu vyake, akampita. Usiku huo alilala chumba cha shangazi yake. Siku ya tatu alikumbuka kazi ya haraka huko alikotoka, akaondoka.

Hiyo ilikuwa miaka sita iliyopita.

Shangazi huyo, aliyeishi nao nyumba moja, alikuwa dada yake mkubwa Pimamaji, dobi wa siku nyingi, mwanamke aliyepiga pasi mashati ya nusu ya mji na kujua siri za nusu nyingine. Simu ya Gololi iliingia kwake. Zilikuwa jumbe za sauti, ndefu, zenye kelele za mashine nyuma. Pimamaji hakuwahi kupigiwa, wala yeye hakuwahi kupiga. Kila mmoja alimngoja mwenzake aanze, na wote wawili walikuwa wabishi wa damu moja. Badala yake alikaa kwenye kiti cha jikoni, akajifanya anatengeneza kitu, na ujumbe ukiisha akasema, "Hebu rudisha pale aliposema mchanga."

"Umesharudishiwa mara tatu."

"Nilikuwa nakohoa."

Kisha akaanza kumtuma dada yake maswali. Mwulize kwa nini mashimo ya mwezi ni mviringo yote. Mwulize kwa nini ya huku kwetu hayaonekani. Dobi alinung'unika kwamba yeye mwenye miaka sabini na moja hakuwahi kuudai mwezi chochote, lakini aliuliza. Na majibu yalikuja: "Shangazi, mwambie huyo mtu wako kwamba kwenye mwezi hakuna mvua, hakuna upepo, hakuna mto. Shimo la miaka bilioni tatu bado lipo. Hapa duniani kila kitu kinafukiwa. Mvua ni fundi asiyependa kuona shimo."

Pimamaji aliposikia hilo la fundi hakutuma swali wiki nzima. Lakini ndivyo walivyozungumza, baba na binti, kwa miaka sita: huyu kwa mdomo wa dada yake, yule kwa sikio la shangazi.

Jumanne moja ukaja ujumbe mfupi. "Shangazi, shikamoo. Jumamosi nitakuwa hapo mjini, kuna mkutano. Nitapita alasiri niwasalimie, nikae kwa muda wa saa moja hivi au mbili. Nitalala hotelini na wenzangu, kwa hiyo msihangaike."

Pimamaji alikuwa akimenya kiazi. Alikimenya mpaka kikaisha.

"Hotelini," alisema.

"Ndivyo alivyosema."

"Na kitanda chake kipo."

"Kitanda kipo, mdogo wangu. Labda sakafu ndiyo haipo."

Dada yake hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama anavyomwonyesha mteja doa ambalo halikutoka. Lakini Pimamaji alisikia. Akaweka kisu. Toka dakika ile akawa na jambo moja tu duniani: kabla ya Jumamosi alasiri airudishe sakafu ile, ili mwanawe alale nyumbani walau usiku mmoja.

Jumatano alfajiri alichanganya saruji kwenye karai, apime mkono kwanza. Alikuwa na gololi mbili zilizobaki. Akainua, akaachia. Bakuli. Akaachia tena. Bakuli. Kufika saa nne karai lilijaa mashimo kumi na mawili, yamekaa mistari mitatu kama mayai kwenye trei.

Dada yake alikuja na kikombe cha chai, akainama, akayatazama.

"Haya ni mashimo ya fundi," alisema. "Ya mtoto hayakupangwa hivi. La tatu lilikuwa limepanda juu ya la nne, na kuna moja aliteleza nalo likawa kama kiatu. Na la mama yake liko wapi?"

"Gololi kubwa sina."

"Hata ungekuwa nayo."

Pimamaji akaumwaga mchanganyiko ule, akachanganya mwingine, akaanza upya. Alijaribu kufumba macho. Alijaribu mkono wa kushoto. Alijaribu hata kupiga magoti mahali alipopiga mtoto, ajinyooshe vilevile. Mgongo ukakataa, ikabidi dada yake amwinue kwa kumshika kwapani. Kila alichofanya kilitoka sawasawa. Alikuwa ametumia miaka hamsini kuufundisha mkono ule usikosee, na sasa mkono ulikuwa umesikia.

"Mwulize," alisema jioni hiyo, amekaa chini na karai kati ya miguu. "Mwulize, jiwe lenyewe linakwenda wapi? Likishapiga."

Dobi alimtazama, akashika simu bila kunung'unika.

Jibu liliingia Alhamisi mchana, nguo zikiwa kwenye kamba. Walisimama wote wawili uani kulisikiliza, simu imewekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Shangazi, mwambie mtu wako jiwe halipo. Linakuja kwa mwendo wa kilomita ishirini kwa sekunde moja. Yaani kabla hajamaliza kukohoa kile kikohozi chake, limeshavuka mji na mji unaofuata. Likigonga, halichimbi kama jembe. Linasimamishwa ghafla, na mwendo ule wote unageuka joto na mshindo. Jiwe lenyewe linayeyuka, sehemu kubwa inakuwa mvuke. Kinachochimba shimo ni ule mshindo, na mshindo unasukuma pande zote sawa, ndiyo maana shimo linakuwa mviringo hata jiwe likija kwa ubavu. Na shimo linakuwa pana mara kumi, mara ishirini ya jiwe. Kuna mtu aliwahi kuchimba kreta moja, yaani shimo la namna hiyo, jangwani karibu miaka thelathini, anatafuta chuma kilichoanguka. Alijua lazima kipo, kwa sababu shimo ni kubwa. Hakukipata. Kiliondoka siku ileile kilipofika."

Kwenye simu zikabaki mashine tu, zinavuma. Pimamaji alidhani ujumbe umeisha.

"Lakini mwambie hivi. Kilichokuwa ardhini hakipotei. Kinarushwa nje. Udongo wa juu unaruka mbali, wa chini unaanguka karibu, na pale ukingoni tabaka zinapinduka kabisa, za chini zinalala juu, kichwa chini miguu juu. Sisi tukitaka kujua shimo lilikuwa na nini, hatuingii ndani. Tunatembea kandokando. Tunatafuta kwenye kifusi."

Dobi alinyoosha mkono kuchukua simu. Mdogo wake alikuwa ameganda, anatazama nyuma ya jiko, kwenye tangi la maji.

"Usiniambie," alisema dada.

"Kifusi, dada."

"Pimamaji."

"Nilikizoa chote. Nilikuwa najenga kitako cha tangi wiki ileile. Mafundi hatutupi kifusi, tunajazia. Sakafu yake iko pale chini."

"Na juu yake kuna lita elfu mbili za maji."

"Tutayapunguza."

Ijumaa nzima walipunguza. Walijaza ndoo, masufuria, mabeseni, birika mbili, chupa za chai, na ule mtungi wa maua usiowahi kuona maua. Jikoni pakajaa, wakahamia ukumbini. Ukumbi ukajaa, wakaenda chumba cha Gololi, wakapanga sufuria chini mpaka dirishani, na nyingine juu ya kitanda. Dobi alipita katikati ya vyombo amekunja gauni, anasema kwamba amezaliwa na ndugu watano na wanne wana akili, si haba. Tangi tupu walilisukuma pembeni kwa msaada wa seremala wa jirani, aliyeuliza kinachotafutwa akajibiwa na Pimamaji kwamba ni mwezi. Seremala alishika njia bila kuuliza la pili, alikuwa amemzoea.

Kisha nyundo. Kitako kile alikijenga mwenyewe, kwa hiyo hakikuvunjika kwa heshima. Alikipiga mpaka giza likaingia, na Jumamosi asubuhi akaendelea, na saa sita mchana ndipo tindo ilipotoa sauti nyingine, ya kupwaya. Kifusi. Akashuka ndani kwa magoti, akaanza kukitoa kwa mkono. Vingi vilikuwa makombo. Lakini kipande kimoja bapa, kijivu, cha ukubwa wa kiganja, kilikuwa na shimo upande mmoja. Alilipangusa kwa mate. Kibakuli, na mdomo umesimama pande zote baada ya miaka yote ile.

Alikitandikia gunia. Kikaja cha pili, chenye nusu shimo. Cha tatu, cha nne. Kimoja kilikuwa kimeteleza kama kiatu. Alikiona hicho akacheka peke yake, kisha pua ikamwasha, akasingizia vumbi. Kufika saa tisa gunia lilikuwa na vipande kumi na kimoja, naye alikuwa akivizungusha, anajaribu kuviunganisha kama mtu aliyevunja sahani ya mgeni. Lenye chunusi halikuwemo. Akarudi shimoni.

Teksi ilisimama barabarani. Hakuisikia. Alichosikia ni sauti juu ya kichwa chake.

"Shikamoo, baba."

Aliinua uso. Alikuwa mweupe wa vumbi mpaka kope. Binti alisimama pale ukingoni na mkoba begani na viatu vya mkutano, amekonda kidogo, ana miwani ambayo hakuwa nayo. Juu ya bega lake mwezi wa mchana ulikuwa umeshatoka, nusu, umepauka kama doa la chokaa.

"Marahaba, mwanangu," alisema Pimamaji. Alikuwa amepanga maneno mengi ya kuanzia, yote yakamkimbia, yakabaki yale aliyoyazoea. "Usishangae. Ni kimondo. Kimeanguka asubuhi."

Gololi alitazama lile shimo, kipenyo chake, kifusi kilichotapakaa, tangi lililolala ubavu.

"Cha ukubwa gani?"

"Gololi ya kati."

"Mara ishirini na zaidi," alisema taratibu. "Kilikuja kwa kasi. Na kiko wapi chenyewe?"

"Hakipo. Kuna mtu aliniambia hakitafutwi."

Binti aligeuza uso upande. Alipougeuza tena alikuwa ameliona gunia. Alichuchumaa, akachukua kipande cha kwanza, akakiinamisha ubavuni mwa mwanga mpaka kivuli kikalala ndani ya shimo. Akachukua cha pili. Alipofika kwenye kile cha kiatu alikiweka mapajani, hakukirudisha.

Kutoka mlango wa jikoni dobi aliwaona, akaanza kusema kitu kuhusu chai, akaacha.

"Nilikuharibia," alisema baba yake kutoka chini. "Nilidhani nakutengenezea. Ukaona, ukakasirika, una haki."

"Sikukasirika."

"Ulilala kwa shangazi yako."

"Baba, sikukasirika." Alikuwa akisugua mdomo wa shimo kwa kidole. "Safari nzima nilikuwa najua kitu kimoja. Nikifika nitavua viatu, nitakwenda dirishani, nitaweka dole gumba kwenye shimo la mama, juu ya kile kichuguu. Ndivyo nilivyokuwa naamka kila asubuhi toka nina miaka saba. Nikafika, nikatafuta kwa mguu, nikatafuta. Siku ya maziko watu walikuwa wengi, sikuelewa kitu. Nilielewa pale dirishani. Na wewe umesimama mlangoni unangoja nikusifie."

Pimamaji alitazama mikono yake.

"Niliisugua mara tatu," alisema.

"Najua. Ilikuwa nzuri sana. Ningekuta umeharibu ningekupigia kelele yakaisha. Ningesema nini juu ya sakafu nzuri vile?"

Barabarani teksi ikapiga honi mara moja, kwa adabu.

"La mama yako silioni," Pimamaji alisema. "Nilidhani hili." Akamnyooshea kipande alichokuwa amekificha kwenye ule mfuko wa shati uliovuta bega chini, chenye shimo pana lililovunjika katikati.

Gololi alifungua mkoba. Alitoa ile gololi kubwa kama ndimu, imechakaa kwa kushikwa, akailaza ndani ya shimo. Haikukaa. Iligusa mdomo tu, ikacheza.

"Hili ni langu pia," alisema. "Nililipiga mara mbili palepale ndiyo maana limepanuka. La mama lilikuwa karibu na dirisha. Ulianza kuchokoa wapi?"

"Mlangoni."

"Kwa hiyo la dirishani lilizolewa mwisho."

"Ndoo ya mwisho." Akatafakari. Uso ukamwamka kwa namna ambayo dada yake hakuwa ameiona miaka sita. "Ndoo ya mwisho ilikwenda upande wa ukuta. Nilijazia pembe."

Wote wawili wakatazama pembe ile, ambayo ilikuwa bado saruji tupu, nzima, unene wa shubiri mbili.

"Inawezekana nililivunjavunja," alisema, sauti ya chini. "Sikumbuki kama niliangalia. Ninajua mkono wangu, haukuwa unaangalia."

"Inawezekana," alisema binti.

Honi ikalia tena. Gololi akatazama saa yake, akatazama barabarani, kisha akavua miwani akaipangusa kwa pindo, na alipoivaa tena akavua viatu.

"Shangazi," aliita, "una gauni la zamani la kuniazima?"

Dobi alilileta kabla jina lake halijaisha hewani. Kisha akazunguka nyumba mpaka kwenye teksi, akainama dirishani. "Nenda zako, baba," walimsikia akimwambia dereva. "Abiria wako kaanguka shimoni."

Aliporudi hakuja kwao. Aliingia chumba cha binti, na baada ya kitambo wakaanza kusikia sufuria zikishushwa kitandani, moja moja, na mara kishindo cha bati, na maji.

"Yamemwagika huku!" dobi alipaza sauti. "Nusu beseni! Yamesimama tu, hayaendi popote!"

Baba na binti walitazamana, kila mmoja akangoja mwenzake acheke kwanza.

Pimamaji alichagua tindo mbili, ile kubwa akaweka upande wake, ndogo akampa mwanawe kwa kutanguliza mpini. Gololi alikuwa ameshashuka shimoni, magoti kwenye kifusi, sikio karibu na pembe, anagonga saruji kwa ncha ya chuma, akisikiliza.

"Taratibu hapo," alisema baba yake, akashuka ubavuni mwake. "Hapo taratibu."